Mashine ya kidevu na soksi ya mkono: hukumu ya sajenti wa gwaride

Kazi yangu ya asubuhi ni kupita mbele ya mstari wa askari nikitazama viatu, mkanda, kofia na mwisho kidevu. Nikishamaliza, inspekta anakuja kunitazama mimi. Kwa hiyo vifaa ninavyovieleza hapa navijua kwa pande mbili. Nina ndevu za kipilipili ninazolazimika kuzinyoa kila siku ya zamu, na ni mimi ninayeandika jina la mwenzangu akija gwarideni na kidevu cha juzi. Isitoshe, nina tatuu ya ndege chini ya kiwiko cha mkono wa kushoto, niliyochorwa kabla sijaingia depo ya mafunzo ya polisi. Siijutii, ila kila siku naifunika kwa soksi ya mkono, bomba la kitambaa linalovaliwa mkononi.

Chapa sitazitaja. Nitakuambia aina ya kifaa, umbo la kisu chake na urefu wa nywele unaobaki, kwa kuwa hayo ndiyo ya kuuliza dukani. Jina lililoandikwa kwenye boksi halinyoi. Kwa mwenye haraka: mashine ya kisu cha T naipa nyota nne, wembe wa visu vingi moja, unga wa kunyolea tatu, soksi ya mkono nne, vipodozi vya kufunika tatuu mbili. Maelezo ya ndevu yatakuwa marefu kuliko mengine. Tatuu ukishaifunika imetulia, ndevu hazilali.

Kabla hujatoa hela, isome kanuni ya jeshi lako. Kanuni za polisi hutofautiana lakini zina ukoo mmoja. Masharubu yasipite pembe za mdomo. Sharafa ziishie usawa fulani wa sikio. Kidevu na mashavu viwe safi, isipokuwa mwenye kibali cha daktari au cha dini. Tatuu za usoni na shingoni zimepigwa marufuku katika majeshi mengi, za mikononi zinatakiwa kufunikwa ukiwa na sare, na zile za matusi, ubaguzi, ngono au alama za magenge hazikubaliki hata zikiwa mgongoni chini ya mashati mawili. Anayeamua kama umefaulu ni mkaguzi aliyesimama hatua moja mbele yako, kwa macho yake. Hapapasi mtu shavu. Hilo liweke akilini, maana ndilo lililonifanya nigawe nyota kama nilivyozigawa.

Tuanze na wembe wa visu vitatu, vinne au vitano, ule unaotangazwa na mwanamume anayejipapasa taya huku akitabasamu. Si kwamba haufanyi kazi. Unafanya kazi mno. Kisu cha kwanza kinauvuta unywele kidogo kutoka kwenye tundu lake, kinachofuata kinaukata kabla haujarudi, na ukirudi ncha yake inazama chini ya usawa wa ngozi. Mwenye nywele zilizonyooka anabaki laini mpaka jioni na hana la kulalamika. Sisi wenye nywele za kujikunja tunalipia. Ncha imekatwa mshazari na ni kali, tundu lenyewe limepinda, basi unywele unapoanza kukua unatoboa ukuta wa tundu na kuingia ndani ya ngozi. Mwingine unatoka nje kwanza, unajikunja, kisha unarudi kuichoma ngozi hapo pembeni. Mwili unauhesabu kuwa kitu kigeni na kuuzungushia uvimbe. Madaktari wanauita ugonjwa huo pseudofolliculitis barbae. Sisi kwenye mstari tunasema vipele vya ndevu, na huwapata zaidi wanaume wenye asili ya Afrika.

Sasa fikiria askari mwenye vipele hivyo anayetakiwa kunyoa tena kesho yake. Wembe unapita juu ya vipele, unavikata vichwa, damu inaingia kwenye kola. Shati la sare la rangi nyeupe au samawati haliwezi kuificha. Baada ya miezi shingo inakuwa na madoa meusi, na kwa wenye ngozi ya kufanya makovu ya kuvimba, vipele hubaki vigumu chini ya taya. Nimewaona vijana wenye bidii, wanaonyoa mara mbili kwa siku ili sajenti asiwapate, ndio wanaoonekana wachafu kuliko wavivu. Yote hayo kwa ajili ya ulaini ambao hakuna aliyeuagiza. Kanuni haisemi unywele ukatwe chini ya ngozi. Inasema kidevu kionekane kimenyolewa. Nyota moja niliyoutolea ni ya mpini wake, unashikika vizuri hata mkono ukiwa na sabuni.

Anayetaka lazima wembe, atafute ule wa chuma wa kisu kimoja, wa kufungua na kubadilisha wembe. Aloweshe ndevu kwa maji ya uvuguvugu, anyoe kuelekea nywele zinakoota, asivute ngozi kwa vidole, asirudie sehemu moja mara tatu, na wembe ukianza kukwaruza autupe. Kwa mtindo huo unavumilika. Lakini unataka utulivu, na asubuhi ya zamu ya alfajiri haina utulivu.

Mashine basi. Ninayoitumia ni ndogo, ya betri, inajaa mkononi, na kisu chake kina umbo la herufi T, meno membamba, bila kitana cha plastiki juu yake. Inaacha nywele za karibu nusu milimita. Ukijigusa unasikia mkwaruzo. Ukitazamwa kutoka hatua moja unaonekana umenyoa, labda na kivuli chepesi kwa mwenye ndevu nyingi nyeusi. Kivuli hicho ndicho kinachowatia watu hofu, wakairudisha mashine dukani wakidhani ni mbovu. Sio mbovu. Hiyo nusu milimita ndiyo inayokuokoa: ncha ikibaki juu ya ngozi haina nafasi ya kutoboa ukuta wa tundu, na kabla haijafika urefu wa kujikunja na kurudi kuchoma, asubuhi imefika, unaikata tena.

Usitegemee vipele vitoweke wiki ya kwanza. Vile vilivyokwishaingia ndani vinahitaji muda wa kupevuka na kujiachia, na wengine hulazimika kuacha kunyoa kabisa kwa wiki kadhaa kwa ruhusa ya daktari kabla ya kuanza na mashine. Ukiona unywele umejikunja kama kitanzi juu ya ngozi, unaweza kuuinua kwa ncha safi ya kibanio bila kuung'oa. Ukiung'oa, utakaoota badala yake utakuja na ncha mpya chini kabisa, na shughuli inaanza upya.

Ninavyoitumia: uso mkavu, kwanza. Wengi wanajipaka povu halafu wanaleta mashine. Povu linajaza meno na kisu kinaanza kuvuta. Naanza na shingo, kwa kuwa pale nywele zinaota kila upande na ndipo mkaguzi anapotazama ukiinua kidevu. Kisha taya, kisha mashavu, mwisho chini ya pua, ambako kisu cha T kinaonyesha faida yake kwa sababu pembe zake zinafika karibu na tundu za pua na mstari wa masharubu. Mashine kubwa ya kinyozi haiingii hapo. Sharafa nazimalizia kwa kuigeuza kisu juu chini. Shughuli nzima inaisha kabla kiatu cha pili hakijang'aa vizuri.

Malalamiko ninayo. Kisu kinapata joto ukinyoa bila kupumzika, na joto kwenye shingo yenye vipele halivumiliki. Inabidi uizime kidogo. Betri ikikaribia kwisha kasi inapungua, na kisu kikipungua kasi kinang'oa badala ya kukata. Basi usingoje ikufie, ichaji kabla ya zamu. Taa ya betri kwenye mashine yangu ina uongo mwingi: inaonyesha imejaa mpaka dakika ya mwisho. Neno "haiingii maji" lililoandikwa kwenye boksi nalitilia shaka. Naisafisha kwa brashi na kitambaa chenye spiriti, kisha tone moja au mawili ya mafuta mepesi ya mashine kwenye meno, naiwasha sekunde chache yaenee, nafuta. Asiyetia mafuta atakuja kusema mashine haina maisha.

Ya kwanza niliyouziwa ilikuja na kisu kimefungwa upande. Meno ya juu yalikuwa yamepita ya chini kwenye kona moja, na kona hiyo ilinichana chini ya sikio. Muuzaji alinitazama akasema nimeishika vibaya. Fundi wa vinyozi alifungua skrubu mbili, akasogeza kisu cha juu kikae nyuma kidogo ya kile cha chini, akafunga, na tangu hapo haijanichana. Ukinunua, kitazame kisu dhidi ya mwanga kabla hujaondoka dukani. Kisu kinachokata ndicho cha juu kinachotembea. Kikisogea mbele kuliko mwenzake, unanunua kidonda.

Jambo lingine ambalo halimo kwenye boksi: mashine hii ni ya mtu mmoja. Mabwenini kuna desturi ya mashine moja kuzunguka vitanda kumi. Kisu kinachopita juu ya vipele kinachukua damu hata kama huioni, na virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa hai juu ya vitu vikavu kwa siku saba au zaidi. Fangasi wa ngozi nao husafiri kwa njia hiyo hiyo. Ninapokuta mashine imeachwa juu ya sinki la bweni bila mwenyewe, naiandika kwenye ripoti sawa na silaha iliyoachwa, na vijana wanaona nazidisha. Waone hivyo hivyo.

Mashine za wavu, zile zenye karatasi nyembamba ya chuma yenye matundu na kisu ndani, nimezijaribu pia. Zinanyoa karibu zaidi ya kisu cha T bila kuzama chini ya ngozi kama wembe, na kwa siku ya gwaride kubwa zinafaa kumalizia. Ila haziwezi ndevu zilizopita siku moja. Inabidi upitishe kisu cha T kwanza. Wavu ukipasuka huuoni, unausikia shavuni.

Unga wa kunyolea ni kitu kingine kabisa. Unauchanganya na maji, unaupaka, unangoja dakika zilizoandikwa kwenye kopo, unaukwangua kwa kijiko au ubao laini, unaosha kwa maji baridi mengi. Ndani yake mna kemikali kama barium sulfide, au calcium thioglycolate kwa zile za krimu, zinazoivunja protini ya unywele mpaka unakatika wenyewe. Ncha inayobaki ni butu, laini, haichomi kirahisi. Kwa macho ya mkaguzi hakuna kinachoushinda: kidevu hakina hata kivuli, na matokeo yanakaa siku mbili.

Harufu ndiyo mtihani. Ni ya yai viza, haitoki kwa mara moja ya sabuni, na ukiingia ndani ya gari la doria vioo vikiwa vimefungwa wenzako watajua. Pia kemikali hiyo haijui tofauti ya unywele na ngozi. Zote zina protini ya aina moja. Ukipitisha dakika, inaunguza. Ukiupaka juu ya kidonda, inaunguza zaidi. Ijaribu kwanza nyuma ya sikio au ndani ya mkono, ngoja siku nzima, ndipo uilete usoni. Na usiitumie siku mbili mfululizo. Mimi naiweka kwa sherehe na mazishi ya askari, yaani siku ambazo picha zitapigwa.

Sasa wenye vibali. Hapa kununua kunahusu vitana, vile vya plastiki vinavyobanwa juu ya kisu, na namba iliyoandikwa juu yake inaweza kukuweka kazini au nje. Polisi wa jiji la New York kwa miaka mingi waliruhusu ndevu za kibali zisizozidi milimita moja. Kuruta mmoja Myahudi wa madhehebu ya Hasidi aliyekataa kuzikata hadi kipimo hicho aliachishwa mafunzo, akaenda mahakamani, na mwaka 2013 jaji akampa haki. Desemba 2016 jeshi hilo likatangaza kwamba wenye sababu za kidini wanaweza kufuga mpaka nusu inchi, na Masingasinga wakaruhusiwa kilemba. Nusu inchi ni karibu milimita 13. Milimita moja na kumi na tatu ni vitana tofauti kabisa, na mashine nyingi ndogo hazina hata kimoja kati ya hivyo viwili. Zinaanzia milimita tatu. Kwa hiyo mwenye kibali apeleke barua yake dukani, asiende na kumbukumbu.

Wakuu wanaosema kibali cha daktari ni sawa ila cha dini ni kiburi ningewapa wasome kesi ya Newark, huko New Jersey. Jeshi lile lilikuwa linawaruhusu wenye vipele kufuga ndevu, lakini likawakatalia askari Waislamu wa Kisunni wanaofuga kwa imani. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba ukishatoa ruhusa kwa sababu ya ngozi huna sababu nzito ya kuikataa kwa sababu ya dini. Hukumu iliandikwa na jaji Samuel Alito, ambaye baadaye aliingia Mahakama ya Juu. Hata hivyo wakuu nao wana karata yao. Mwaka 1976 Mahakama hiyo ya Juu, katika kesi ya Kelley dhidi ya Johnson, ilikubali kwamba jeshi la polisi linaweza kupanga urefu wa nywele za askari ili wananchi wawatambue na ili kikosi kiwe na moyo mmoja. Mimi kama mkaguzi naikubali hoja ya kutambulika. Hiyo ya moyo mmoja sijawahi kuiona ikitoka kidevuni.

Kuna kazi moja ambayo mashine yangu inafeli, na sitaificha: barakoa. Barakoa za kuzuia gesi na vumbi, zile zinazobana uso, hutegemea mpira kugusa ngozi pande zote. Nywele fupi za nusu milimita zinatosha kufungua njia. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinakataza nywele zozote kati ya mpira wa barakoa na uso, na Uingereza wasimamizi wa usalama kazini wanataka mvaaji awe amenyoa ndani ya saa nane kabla ya zamu. Mwaka 2023 polisi wa Scotland walipangiwa utaratibu wa askari wa mstari wa mbele kunyoa safi ili barakoa za FFP3, zile za kuchuja vumbi zinazobana uso, zikae sawasawa, ukapingwa, ukaahirishwa. Ukipangwa kikosi cha gesi, tumia unga au mashine ya wavu pale mpira unapopita. Asiyeweza kabisa kunyoa aombe kofia yenye feni, ile inayosukuma hewa safi ndani na haihitaji kubana uso. Ipo, inafanya kazi na ndevu, ila ni ghali na stoo watakuambia imeagizwa.

Nije kwenye mkono. Soksi ya mkono ni bomba la kitambaa cha nailoni kilichochanganywa na nyuzi za kuvutika, inayoanzia kwenye kifundo cha mkono mpaka juu ya kiwiko. Niliyoizoea ni nyeusi, bila maandishi, yenye mpira mpana juu. Mpira mwembamba unakata mkono na kuacha alama, halafu unajiviringisha kushuka wakati wa kukimbia. Nimemvisha mtu pingu nikiwa nimevaa yenye mpira mwembamba. Ikateremka mpaka kifundo, ndege wangu akawa anamtazama mtuhumiwa.

Urefu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ziko fupi za kufunika sehemu ya chini tu, na mtu mwenye mchoro unaogusa kiwiko akikunja mkono, kitambaa kinapanda na mchoro unachungulia. Kiwiko si mahali pa kubahatisha. Askari wa Hartford, Connecticut, waliokuwa na tatuu za utando wa buibui viwikoni waliamriwa wazifunike kwa kuwa kuna watu wanaouona mchoro huo kama alama ya ubaguzi wa rangi; wakashtaki, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikaona mkuu wao alikuwa na haki ya kuamuru hivyo. Wao huenda walipenda umbo tu. Mkaguzi hawezi kuingia moyoni mwa mtu, na raia aliyesimamishwa barabarani usiku hataki hata kujaribu.

Rangi. Kanuni nyingi zinataka rangi moja, nyeusi au ya sare au ya ngozi. Hizo "za rangi ya ngozi" zilizojaa kwenye maduka ya mtandaoni ni za ngozi ya mtu mmoja ambaye sijapata kumwona kwenye kikosi chetu. Mkono wangu ukivaa ile unaonekana wa bandia. Chukua nyeusi, uliza kwanza kama inakubalika. Nunua mbili au tatu kwa pamoja, maana nyeusi hupauka kwa kufuliwa na jozi isiyolingana na shati inaonekana mbali. Ndiyo, vaa mikono yote miwili. Ukivaa mmoja kila raia atakuuliza umeumia nini.

Kwenye joto inachosha. Jasho linakaa ndani, na mwenye vidonda vya joto atajikuna zamu nzima. Ile ya kitambaa chenye matundu madogo inapitisha hewa vizuri zaidi, ila iinue juani kwanza: kama unaona vidole vyako kupitia kitambaa, mkaguzi ataona ndege. Nyota moja nimeiondoa hapo. Shati la mikono mirefu linafanya kazi ile ile bure, kama jeshi lako linakuruhusu kulivaa wakati wenzako wako mikono mifupi. Langu haliruhusu, linataka mstari ufanane.

Vipodozi, faundesheni nzito na poda ya kuikausha, nimevitumia kwa shughuli za mikono mifupi ambako soksi ilikatazwa. Ukipewa muda na mtu anayejua kulinganisha rangi, mchoro unapotea kabisa. Wino mweusi unahitaji kwanza rangi ya chungwa au nyekundu chini yake, la sivyo unatokea wa kijivu. Tatizo ni kwamba kazi ya polisi ni ya kugusa. Imebaki kwenye usukani, kwenye fomu ya maelezo, kwenye bega la mzee niliyemsaidia kushuka ngazi. Kwa kusimama bila kusogea mbele ya mgeni wa heshima inafaa. Kwa doria, hapana.

Vijana wanaotaka kujiunga huniuliza zaidi kuhusu leza kuliko soksi. Leza haifuti wino kama raba inavyofuta penseli. Mwanga wake wa kasi unauvunja vipande vidogo, kisha mwili unavibeba taratibu. Ndiyo maana vikao huachana kwa wiki sita mpaka nane au zaidi, na vikao vyenyewe mara nyingi hupita sita. Piga hesabu: unaweza kumaliza mwaka mzima. Wino mweusi hutoka kwa urahisi, kijani na njano ni wabishi. Kwa ngozi nyeusi uliza kama wana leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, kwa kuwa mawimbi mafupi yanashikwa na rangi ya ngozi yenyewe na yanaweza kuacha doa jeupe lenye umbo lile lile la tatuu. Nimemwona kijana aliyefanyiwa na mtu asiyejua: jina la mchumba lilitoka likabaki limeandikwa kwa weupe. Usaili wake ulikuwa na swali moja la ziada.

Kabla ya kulipia kikao cha kwanza, piga picha ya mchoro, ipeleke ofisi ya ajira ya jeshi unalolitaka, uombe jibu la maandishi. Kanuni zinabadilika. Polisi wa London mwaka 2012 walikaza amri dhidi ya tatuu zinazoonekana, na mwaka 2018 wakalegeza, wakawa wanampima kila mwombaji kwa mchoro wake. Aliyechoma mkono wake mwaka mmoja kabla ya hapo huenda aliumia bure.

Krimu za kufuta tatuu zinazouzwa mtandaoni sizipi hata nyota. Wino umekaa kwenye tabaka la chini la ngozi, krimu inaishia juu. Zile zinazofika chini zinafika kwa kuunguza, na kovu la kuungua mkaguzi analiona hata bila kuvaa miwani.